Saa Kumi za Lucie

Watu huniletea barua. Sijui nani alianzisha uvumi kwamba mzee Njoroge wa Saltley anasoma barua za serikali na kuzielewa, lakini ulienea kabla sijapata nafasi ya kuukana, na sasa kila Jumamosi asubuhi jikoni kwangu kuna foleni kama kwa kinyozi. Mimi niliendesha basi la mji huu miaka ishirini na miwili. Sheria sikuisomea hata siku moja. Nilicho nacho ni miwani nzuri, ubishi wa kutosha, na tabia ya kurudia ukurasa mmoja mara tano mpaka uniambie unachoficha.

Nyingi za barua hizo nimezisahau. Ya Fortunée sijaisahau, na sababu mojawapo ni kwamba nusu ya kosa lilikuwa langu.

Fortunée ni mama wa Bukavu, ana miaka hamsini na miwili, mfupi, hatua zake za haraka, na ukimwambia "karibu kiti" anakaa pembeni kabisa kana kwamba kiti ni cha moto. Mumewe, Raphaël, alikuwa mwalimu wa hesabu huko kwao. Hapa Birmingham alikuwa akipanga mizigo kwenye bohari mpaka asubuhi moja ya mwaka 2021 kiharusi kilipomwangusha bafuni. Upande wa kulia haukurudi. Maneno yalirudi machache, yale ya lazima tu. Hesabu zilibaki zote. Ukikosea kujumlisha mbele yake, anagonga meza kwa mkono wa kushoto mpaka urudie.

Fortunée alimwosha, akamvisha, akamlisha, akampeleka kliniki na kumrudisha, mwaka mzima, bila kujua kwamba serikali ina posho ya mlezi. Fomu nilimjazia mimi. Masharti hayana ugumu wa kueleza: umhudumie mgonjwa wako saa thelathini na tano au zaidi kwa wiki, na kama una kazi ya saa chache, mshahara wako usipite kiwango. Mwaka 2024 kiwango kilikuwa pauni mia moja hamsini na moja kwa wiki. Posho yenyewe ilikuwa pauni themanini na moja na peni tisini. Lakini ukikivuka kiwango kile kwa pauni moja tu, hawakukati ile pauni moja. Posho ya wiki nzima inakwenda. Sheria za namna hiyo hunipandisha hasira hata pale ninapozisoma kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hiyo nilichukua kadi nikaandika kwa kalamu nene: 151, USIVUKE. Akaibandika kwenye mlango wa friji. Alikuwa akisafisha ofisi huko Sutton Coldfield, saa kumi na tatu kwa wiki, akipanda treni ya alfajiri pale Duddeston na kurudi kabla Raphaël hajamaliza chai aliyoachiwa kwenye chupa. Saa hizo zilimpa pauni mia moja arobaini na nane na ushee. Kila Aprili kiwango kilipobadilika nilimwandikia kadi mpya, naye alitii kadi kuliko watu wengine wanavyotii amri kumi.

Katika kazi ile walikuwamo akina mama sita wa kanisa moja, yeye mwenyewe akiwamo, wote Wakongo. Mmoja wao alikuwa Lucie, aliyefanya zamu ya jioni, saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Oktoba ya mwaka ule mume wa Lucie, Damien, aliamka akisema kifua kinambana, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshafariki.

Hapa lazima nieleze desturi yao, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwa akina mama hawa, aliyefiwa hukaa chini kwenye godoro. Hapiki, hatoki, haendi kazini. Lakini kazi ya usafi haijui matanga. Ukikosekana wiki mbili, saa zako anapewa mwingine, na ukirudi unakuta kabati lako lina viatu vya mgeni. Kwa hiyo mwenzako mmoja anakushikia kazi. Anaifanya kama yake, na mshahara wa saa zile anakuletea kila Ijumaa ndani ya bahasha. Bahasha haipokelewi kwa mkono, inawekwa chini ya mto. Asante haisemwi. Wana msemo wao: kitu cha kilio hakiulizwi. Hakiulizwi ni kiasi gani, wala hakirudishwi, kwa sababu kukirudisha ni kumwambia mwenzako kwamba mlifanya biashara juu ya maiti.

Aliyezishika saa kumi za Lucie ni Fortunée. Alizishika wiki sita, tatu za kungojea ndugu wa marehemu wapate viza waje kuzika, na tatu baada ya mazishi. Asubuhi alikwenda Sutton kwa kazi yake, jioni akarudi tena kwa kazi ya Lucie. Jioni hizo Raphaël alikaa na jirani yao Jagjit, mjane wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hunifanya nitamani samaki wa kule. Walicheza karata. Jagjit alishindwa kila siku, na kila siku alidai kwamba mwanga ulikuwa mbaya.

Ijumaa sita, bahasha sita, pauni mia moja na kumi na tano kila bahasha. Kodi ilikuwa imechukua kidogo, naye Fortunée akajazia pengo kutoka mfukoni mwake. Kutoa ni moyo. Lucie aliinuka kwenye godoro, akarudi kazini, akakuta kabati lake lina viatu vyake.

Barua ilikuja Februari.

"Papa Njoroge," Fortunée aliniambia, akiishika kwa ncha za vidole, "banasema nimeiba?"

"Hawajasema umeiba. Wanasema ulilipwa posho usiyostahili. Wiki sita." Nikageuza ukurasa. "Oktoba na Novemba ulifanya saa ishirini na tatu kwa wiki?"

"Saa zangu ni kumi na tatu. Zile kumi zilikuwa za Lucie."

"Zililipwa kwa jina la nani?"

"La miye. Lakini ile feza haikulala kwangu ata siku moja."

Nilivua miwani nikaiweka mezani. Nilielewa kila kitu, na nilijisikia vibaya. Mama huyu alikuwa ameitazama kadi yangu kila asubuhi. Kwake yeye, mia na hamsini na moja zilikuwa pesa zinazoingia nyumbani na kubaki nyumbani. Za Lucie zilipita tu mkononi mwake kama mzigo anaokabidhiwa mtu stesheni. Mimi nilikuwa nimeandika neno moja, USIVUKE, nikajiona hodari. Sikuandika kinachohesabiwa ni nini. Maneno kumi zaidi yangetosha.

"Mama," nikasema, "mshahara ni wa yule ambaye jina lake liko kwenye payslip. Ungeweza kuutupa mferejini, bado ungehesabiwa kuwa ni wako."

"Ni ngapi?"

"Mia nne tisini na moja na peni arobaini."

Hakulia. Alikunja mikono mapajani akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Mlango mmoja nilikuwa naujua. Ukimlipa mtu asiye ndugu wa karibu amwangalie mgonjwa wako wakati uko kazini, sehemu ya malipo hayo unaruhusiwa kuitoa kwenye mshahara kabla hawajaupima, almradi isizidi nusu ya mshahara wenyewe. Nikamuuliza kama alimlipa Jagjit.

"Nilimupelekea unga ya muhogo mara mbili," akasema. "Na mboga ya sombe, majani ya muhogo."

Tukaenda nyumbani kwake hata hivyo. Jagjit alikuwa pale, na karata zilikuwa mezani. Nilipomweleza, hakusubiri nimalize.

"Si uandike alinilipa? Andika mia na kumi kwa wiki. Leta kalamu, mimi naweka sahihi sasa hivi. Hao watu wa ofisi watanifanya nini, mimi mama mzee?"

Mia na kumi ingetosha kabisa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo njiani, na naona aibu kusema hivyo. Nikaanza kutafuta kalamu kwenye koti.

Raphaël akagonga meza. Mara moja, kwa mkono wa kushoto.

Sote tukamgeukia. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama mtu aliyesema saba mara nane ni hamsini na nne.

"Umesikia mwalimu," Fortunée akasema. "Ile hesabu ni ya bongo." Kwao bongo ni uongo. Akamshika Jagjit begani. "Aksanti, dada. Weka kalamu, Papa Njoroge."

Nikaiweka. Lakini mimi ni mbishi, na nilikuwa na njia nyingine, ambayo niliiona safi kuliko ile ya kwanza. Nikamngoja mpaka anisindikize mlangoni.

"Mwambie Lucie," nikasema. "Amesharudi kazini, ana mshahara. Ulimpa karibu pauni mia saba. Akurudishie hata nusu. Yeye si mtu wa kukataa."

Fortunée alifunga mlango wa sebule nyuma yake ili wa ndani wasisikie. Sijawahi kumwona na hasira kabla ya siku ile.

"Damien alizikwa muzuri," akasema. "Sasa unataka nimufukue juu ya feza?"

Nikashika kitasa cha mlango.

"Lucie akijua, atalipa. Atauza ata kitanda. Na ile kilio ya bwana yake itageuka deni. Mbele ya Mungu, Papa Njoroge, ukimuambia, kwako sitakanyaga tena."

Nikaahidi. Siku mbili nzima nilimwona mjinga. Nilimwambia hata mke wangu kwamba nimeona wakaidi wengi lakini huyu ni wa kwanza kulipia ukaidi wake kwa wiki. Siku ya tatu nikaketi nikaandika barua ya kuomba wafikirie upya, kurasa mbili, Kiingereza changu chote. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la adabu na fupi. Mshahara ni mshahara. Walichokubali ni kukata pauni kumi kwa wiki kutoka kwenye posho yake, wiki hamsini, kuanzia Machi 2025. Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema, ingawa hawakusema dawa yenyewe ina uchungu kiasi gani.

Pauni kumi ni nini? Kwa Fortunée ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi jioni kanisa lao lina mazoezi ya kwaya, na saa hizo Jagjit huwa gurdwara, hekalu la Masikh, akipika na kugawa chakula, hapatikani. Kwa hiyo Fortunée alikuwa akimlipa msichana mmoja wa mtaani pauni kumi akae na Raphaël saa mbili. Saa hizo mbili ndizo zilizokuwa zake peke yake katika juma lote. Anaimba sauti ya pili, na anaiimba vizuri, nimemsikia. Machi ile akamwambia mwalimu wa kwaya kwamba magoti yanamuuma, hawezi tena kusimama muda mrefu. Watu wakampa pole na majina ya dawa za kuchua.

Nilijua, nikanyamaza. Kila Alhamisi jioni nilipopita barabara yao nikaona taa ya sebule inawaka, nilikasirika upya, na sikujua nimkasirikie nani.

Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Lucie naye alikuja na fomu. Mwanawe Aganze, kijana wa miaka kumi na tisa, ana selimundu, na maumivu yalikuwa yamemzidi tangu baba yake afe. Tukaomba posho ya mlezi, ikatoka. Safari hii nilimwandikia Lucie kadi ndefu. Kiwango kipya cha 196 kilikuwapo, na chini yake nikaandika: pesa zozote zinazolipwa kwa jina lako, hata ukimpa mtu. Aliisoma, akacheka kwamba nimezeeka, naandika insha.

Septemba baba yake Francine akafariki huko Uvira. Francine ni mmoja wa wale akina mama sita, na saa zake ni kumi, kama za Lucie. Nilikwenda kutoa pole. Maombi yalipokwisha, wanawake wakabaki wamekaa kwenye mikeka kupanga nani apike, nani alale pale, nani ashike kazi.

Lucie akainua mkono. "Saa za Francine mutanipa miye, zote. Kwangu zilishikwa. Na miye nishike."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno zuri, na lilisemwa mbele ya mfiwa. Mimi nikaweka kikombe chini, maana nilijua: kumi zake na kumi za Francine zinavuka kiwango. Kadi yangu ndefu haikuwa imefua dafu. Kilio kilipoingia, alisahau kadi kama vile mwenzake alivyofanya. Ningeweza kumvuta pembeni kesho yake, lakini mtu aliyesema "nishike" mbele ya godoro la mfiwa harudi nyuma bila fedheha. Na ningeeleza nini? Nikisema mwenye posho hashiki saa kumi za mwenzake, swali la kwanza la Lucie lingekuwa: mbona Fortunée alizishika?

Nikamtazama Fortunée. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Miezi saba alikuwa ameificha siri ile, ameilipia kwa sauti yake mwenyewe, na sasa akinyamaza ingebaki salama, na Lucie angetumbukia. Nilimwonea huruma sana, kweli.

"Usizishike zote, Lucie," akasema. "Tugawanye. Saa mbili-mbili. Tuko batano."

"Mwaka jana wewe ulizishika zote."

"Njo maana ninakuambia."

Basi. Mtu mmoja akakohoa. Niliona macho ya Lucie yakienda kwangu, yakirudi kwa Fortunée, yakishuka mpaka kwenye magoti ya Fortunée na kubaki pale.

"Saa mbili-mbili," Lucie akasema hatimaye. "Sawa."

Msimamizi wao, Jasdeep, aliguna kuandika majina matano mahali pa jina moja, lakini akayaandika. Hakuna aliyevuka. Francine aliletewa bahasha tano nyembamba kila Ijumaa badala ya moja nene.

Jumamosi iliyofuata Lucie alikaa jikoni kwangu mikono mitupu.

"Ilikuwa ngapi, Papa Njoroge?"

"Kitu cha kilio hakiulizwi," nikamjibu. Nilijivunia kidogo kukumbuka.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja bila kuyaonea haya. "Siulizi ngapi, basi. Niambie banamaliza kumukata wiki gani."

Nilikuwa nimeahidi kutomwambia Lucie. Lakini Lucie alishajua, na ahadi haizibi shimo ambalo mtu ameshaliona. "Wiki ya mwisho ya Februari," nikasema.

"Na magoti yalianza kumuuma mwezi gani?"

"Machi."

Akaitikia kwa kichwa, akaaga.

Alhamisi iliyofuata, saa moja na robo jioni, aligonga kwa Fortunée akiwa bado na sare ya kazi. Fortunée mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Lucie alisema, "Nenda kwaya. Nimekuja kucheza karata na mwalimu." Fortunée akasema magoti yake bado. Lucie akamjibu kwamba magoti hayaimbi, akaingia, akavua viatu. Walibishana kidogo kwa ajili ya heshima. Kisha Fortunée akaenda, akachelewa wimbo wa kwanza, na kwa wa pili aliimba akilia mpaka aliyesimama naye akamshikia kitabu.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, Alhamisi baada ya Alhamisi, mvua na theluji. Bahasha Lucie hakuleta hata moja. Kuhusu posho hakusema lolote, na Fortunée hakuuliza. Raphaël alimshinda karata kila mara, na alionekana kumpenda kuliko Jagjit kwa sababu hakulaumu mwanga.

Februari mwaka huu kato la mwisho likapita. Machi, siku ya Alhamisi, nilimpelekea Fortunée barua iliyosema hadaiwi tena. Aliisoma mwenyewe, akaikunja, akaitia chini ya kitambaa cha meza. Ilikuwa karibu saa moja na robo, lakini hakuwa amejifunga kitambaa cha kichwa wala kutoa kitabu chake cha nyimbo. Alikuwa na gauni la nyumbani. Nikaelewa kwamba wiki zile za kukatwa naye alikuwa akizihesabu, na hakumtarajia Lucie tena.

Mlango ukagongwa. Lucie akaingia na baridi yake, sare, mkoba begani.

Fortunée akasimama. "Lucie, wiki imepita. Ilishaisha."

"Wiki gani?" Lucie akasema, akiinama kuvua kiatu. "Miye sihesabu wiki."

Raphaël akagonga meza.

Lucie akabaki ameinama, kiatu kimoja mkononi, mabega yakitetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Fortunée alimtazama mumewe, kisha akamtazama Lucie, akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akaenda chumbani kutafuta kitambaa chake cha kichwa, na Lucie akavuta kiti, akaanza kuchanganya karata.